Viendelezi vya Kivinjari kwa Mwenye Mega Chache

Kiendelezi ni programu ndogo inayopachikwa kwenye kivinjari ili kukiongezea kazi ambayo waundaji wake hawakuiweka: kuzuia matangazo, kusahihisha tahajia, kutunza manenosiri, kuhesabu dakika za kazi na za kupumzika. Firefox ilitoka mwaka 2004 ikiwa tayari inavipokea. Chrome, iliyotoka Septemba 2008, ilianza kuvipokea rasmi Januari 2010. Tangu hapo vimezaana hadi mtu anaweza kumaliza asubuhi nzima akichagua kiendelezi cha kumzuia asipoteze asubuhi.

Karibu vyote vimeundwa kwa ajili ya mtu wa aina moja. Ana kompyuta yake peke yake, umeme wake haukatiki, intaneti yake haipimwi, na adui yake mkuu ni uvivu. Mtu huyo haishi Nakivale. Makazi haya ya wakimbizi, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, yana Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Kiswahili huwakutanisha sokoni. Kompyuta huwakutanisha kwenye foleni. Laptopu moja huhudumia ukoo, majirani na rafiki wa majirani, na jua ndilo linaloamua kazi ianze saa ngapi, kwa kuwa betri inategemea sola. Wengi hawana hata hiyo laptopu, wana simu tu, na Chrome ya simu za Android haipokei viendelezi kabisa. Firefox ya Android inavipokea, na tangu Desemba 2023 orodha yake imekuwa ndefu.

Miongoni mwa viendelezi vya tija, vinavyojulikana sana ni vizuizi vya tovuti, kama StayFocusd ya Chrome na LeechBlock ya Firefox. Mtumiaji huorodhesha tovuti zinazomlia muda, hujiwekea dakika, na dakika zikiisha mlango unafungwa. Nchini Uganda kazi hii ina mshindani. Tarehe 12 Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu, serikali iliifunga Facebook, baada ya kampuni hiyo kufuta akaunti zilizohusishwa na wizara ya serikali. Kesho yake intaneti yote ikazimwa hadi tarehe 18, na kwa siku hizo nchi nzima ilikuwa na kizuizi ambacho StayFocusd haijakifikia. Intaneti ilirudi. Facebook haikurudi nayo, ila kwa wenye VPN, huduma inayopitisha intaneti ya mtu kwenye seva ya mbali.

Hapo ndipo tija inapopata sura yake ya Nakivale. Kijana wa Base Camp, eneo mojawapo la makazi hayo, huweka kiendelezi cha VPN ili aione Facebook. Baada ya wiki moja anagundua kwamba Facebook inamla muda, kwa hiyo huweka kiendelezi cha pili cha kumzuia asiione. Sasa kivinjari kina watumishi wawili: wa kwanza anafungua kilichofungwa na serikali, wa pili anafunga kilichofunguliwa na wa kwanza. Wote wawili ni waaminifu na hawana kosa. Kila mmoja pia hujisasisha kimyakimya kwa mega za mwenye laini, hivyo jioni inapofika Facebook haijaonekana, barua ya maombi haijaandikwa, na bando limekwisha.

StayFocusd ina pia chaguo kali ambalo laweza kufunga tovuti zote kwa saa kadhaa, na likishabonyezwa halitenguliki hadi muda uishe. Huwavutia sana watu wenye nia njema. Mwombaji wa ufadhili wa masomo hulibonyeza saa tatu asubuhi ili ajaze fomu bila kusumbuliwa, kisha hukumbuka kwamba fomu yenyewe iko mtandaoni.

VPN nayo ina tabia ya kumhamisha mtu bila kumwambia. Baadhi ya seva za bure ziko Uholanzi, na zipo fomu zinazobashiri nchi ya mwombaji kwa kuangalia anuani ya mtandao. Mkimbizi anayeomba ufadhili uliotengwa kwa wakimbizi waishio Uganda hujikuta ameandikwa kuwa yuko Uholanzi, yaani ameshafika Ulaya, na msaada haumhusu tena. Baadhi ya VPN za bure huchukua zaidi ya makazi. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba Hola ilikuwa ikiuza njia ya intaneti ya watumiaji wake kwa wateja wengine. Mahali ambapo mega hununuliwa kwa pesa ya posho, kumlipia mgeni asiyejulikana avinjari ni ukarimu uliopitiliza.

Viendelezi vya kujaza fomu huhifadhi jina, tarehe ya kuzaliwa, anuani na namba ya simu, kisha huvimwaga kila penye nafasi. Vinadhani kwamba anayeketi mbele ya kompyuta leo ndiye aliyeketi jana. Kwenye laptopu ya kuchangia, dhana hiyo huzaa mtu mpya kabisa: jina la Mrundi, siku ya kuzaliwa ya Mkongo, namba ya kitambulisho ya dada wa mwenye laptopu, na simu ya jirani aliyekwisha kuhamia Kanada. Kila kipande ni cha kweli. Ofisi inayoshughulikia maombi hupiga simu, na simu hupokelewa Kanada, saa tisa usiku, na mtu ambaye hakuomba chochote na anadhani kuna msiba nyumbani.

Usawazishaji ndio unaovusha ajali hizi hadi mjini. Anayekwenda Mbarara kwa takisi huingia kwenye kafe ya intaneti, hufungua Chrome, huandika akaunti yake ya Google na kukubali kila kinachoulizwa ili asipoteze dakika alizolipia. Viendelezi vyake vyote hushuka kwenye kompyuta ya kafe. Yeye huchapisha karatasi zake na kuondoka, akaunti ikiwa wazi. Mteja anayefuata hupata kwamba YouTube inafungwa kila baada ya dakika kumi, tena kwa ujumbe wa kumkumbusha kwamba ana kazi ya kufanya.

“Ssebo, intaneti yenu ni mbovu,” mteja hulalamika.

Mhudumu huizima ruta na kuiwasha, hutikisa waya, na mwishoni huwalaumu watoa huduma, ambao kwa mara hii hawana hatia. Safari ya kurudi nayo ina mzigo wake. Viendelezi vilivyokuwa kwenye kompyuta ya kafe vinaweza kuungana na akaunti hiyo na kufika Nakivale kabla ya mwenyewe, kikiwemo kimoja hodari wa kutafuta punguzo la bei katika maduka yasiyopeleka mzigo Isingiro.

Vipo vinavyofaa kweli, na karibu vyote ni vile vinavyopunguza kitu badala ya kuongeza. uBlock Origin, kilichoanzishwa na Raymond Hill mwaka 2014, hulizuia tangazo kabla halijapakuliwa, kwa hiyo mega zake hazitumiki kabisa. Google ilipobadilisha kanuni za viendelezi, Chrome ilikiacha. Limebaki toleo jepesi, na lile kamili linaendelea kwenye Firefox. Kile cha kuandikia hati za Google bila mtandao nacho ni kizuri, kwa sharti moja: lazima kiwashwe wakati mtandao upo. Watumiaji wengi hulijua sharti hili wakiwa ndani ya takisi.

Vitunza vichupo vinahitaji tahadhari zaidi. The Great Suspender, kilichokuwa na watumiaji zaidi ya milioni mbili, kililaza vichupo visivyotumika ili kuokoa kumbukumbu ya kompyuta. Mwaka 2020 muundaji wake alikiuza kwa mtu asiyejulikana, na Februari 2021 Google ilikiondoa kwa sababu za usalama. Vichupo vilivyokuwa vimelala vikatoweka pamoja nacho.

Kabla ya kuwekwa, viendelezi vingi huomba idhini ya kusoma na kubadilisha data yote kwenye tovuti zote. Ni kama fundi aliyeitwa kutengeneza kitasa kuomba ufunguo wa sanduku, picha za harusi na ruhusa ya kuzichora upya. Watu hubonyeza Ongeza hata hivyo.

Kukiondoa kiendelezi ni rahisi: ukurasa wa viendelezi, kisha Ondoa. Vingi, vikishaondolewa, hufungua ukurasa wa kuuliza sababu, na ukurasa huo huja na michoro na maswali. Mtu aliyekiondoa ili kuokoa mega zake za mwisho hungoja huku ukurasa ukifunguka polepole, kisha huambiwa achague: hakuelewa namna ya kukitumia, amepata kingine kilicho bora, au sababu nyingine, tafadhali eleza. Anapomaliza kueleza, hubonyeza Tuma, na kivinjari humwarifu kwamba hakuna muunganisho wa intaneti.