Sifa za Karatasi za Gari la Z

Pwani yetu haijawahi kukosa malenga. Wameisifu karafuu, wamelisifu jahazi, na mwanamwali wamemsifu kuanzia ushungi hadi kisigino. Bado sijamsikia aliyetunga hata ubeti mmoja kwa ajili ya kadi ya gari, mkataba wa mauziano wenye muhuri wa wakili, na karatasi ya forodha ambayo pasipo hiyo pikapu iliyoko Unguja haiwi ya Bara hata ikiogelea. Dhuluma hiyo imedumu vya kutosha. Mimi ni mtu wa Morogoro, nakaa chini ya Uluguru ambako hakuna bandari, na kwa hiyo naweza kuzisifu karatasi hizi kwa moyo mweupe.

Mnufaika wa kwanza wa karatasi hizi yuko Kinole. Ni mfanyabiashara wa viungo: ananunua karafuu, mdalasini na pilipili manga huko mlimani, anateremsha mjini. Pikapu yake ya zamani imechoshwa na makorongo. Siku moja pale stendi ya Msamvu anapewa siri ambayo kila mtu anaijua: "Mzee, vuka Unguja. Magari ya Z bei chee." Z ni ya namba za Zanzibar. Anavuka. Analiona gari, analipenda, anapatana bei, anashikana mkono na muuzaji. Wakati huo bado hajui kwamba amenunua nusu tu ya gari. Nusu ya pili ni ya karatasi, na hiyo haina punguzo.

Ombi la kwanza ni kadi halisi. Hapo ndipo utukufu unapoanza, maana kadi ina jina la mtu mmoja, na anayeuza gari ni mwingine kabisa. Huyu alinunua kwa shemeji yake, shemeji alinunua kwa jirani, jirani alipewa na bosi aliyehamia Muscat, na katika safari yote hiyo hakuna aliyejisumbua kubadilisha jina. Sasa wote wanatafutwa, mmoja baada ya mwingine, wasaini mbele ya wakili. Undugu uliokufa unafufuka. Watu wasiosalimiana tangu harusi fulani wanapigiana simu. Sisi kwetu Uluguru ukoo tunaufuata kwa mama. Gari nalo lina ukoo wake, unafuatwa kwa namba ya chesisi, na afisa wa polisi ndiye mzee wa ukoo: anachutama, anapangusa vumbi, anaisoma ile namba tarakimu kwa tarakimu, kisha anaikagua ya injini kama anayethibitisha mtoto ni wa nani. Lisilo na ukoo halivuki.

Baada ya hapo kuna kufuta usajili wa Zanzibar, maana gari haliwezi kuwa na uraia wa namba mbili. Kuna namba ya mlipakodi. Kuna wakala wa forodha, binadamu mwenye simu tatu ambaye kwake kila kitu ni "kesho asubuhi". Kuna tamko, tathmini, namba ya malipo, risiti, hati ya mzigo ya meli, bima, na mwisho kabisa kibao kipya chenye herufi T. Nimezitaja haraka kwa makusudi. Kuzisifu moja moja kungehitaji utenzi, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nachelea wakisoma wataongeza ya kumi na moja.

Wapo wakorofi wanaouliza: nchi si moja hii? Sasa hapa ndipo karatasi zinapogeuka kuwa mwalimu. Muungano ni wa tarehe 26 Aprili 1964, na Katiba ya mwaka 1977 ina nyongeza inayoorodhesha mambo ya Muungano. Polisi wamo. Bandari imo. Ushuru wa forodha umo. Usajili wa magari haumo. Kwa hiyo trafiki anayekusimamisha Mikese ni wa Muungano, anakukagua kwa mamlaka ya Muungano, na anachokitazama ni namba isiyo ya Muungano. Somo la uraia shuleni linapita wanafunzi wakisinzia. Mtu aliyeshikiliwa kando ya barabara na gari la Z lililomaliza ruhusa yake ya muda ya kutembea Bara halisahau maisha.

Kodi nayo ina mantiki yake. Gari likitoka ng'ambo na kushukia Zanzibar hukadiriwa thamani kule na kulipiwa kule. Likitaka kuhamia Bara hukadiriwa upya, na kama kule lilihesabiwa kwa thamani ndogo, tofauti inalipwa huku. Ndiyo ile bei chee ya Msamvu: ilikuwa chee kwa sababu kuna deni lililobaki limelala, likimsubiri mtu wa Kinole aje kuliamsha. Wanasiasa wameliweka suala hili katika kapu la kero za Muungano kwa miaka mingi. Mimi naliita hazina. Bila hilo kila mkutano wa kero ungekosa ajenda, na wajumbe wangekosa chai.

Na tusidhani ni bahari ndiyo inayozaa karatasi. Mafia nayo ni kisiwa, ina maji pande zote. Lakini ukipeleka gari Mafia hakuna anayekuuliza habari za forodha, kwa kuwa Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani na namba ni ile ile T. Zamani ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, mpaka Wajerumani walipoichukua mwaka 1890 katika mapatano ya kugawana yasiyowahusu wenyeji. Wakubwa walivuta mstari juu ya ramani wakiwa Ulaya, na zaidi ya karne baadaye mwenye pikapu ya Mafia analala usingizi ilhali mwenye pikapu ya Unguja anapanga foleni. Nani mwingine anatunza historia kwa uaminifu kiasi hicho? Makumbusho hufungwa jioni.

Hata viungo vina siasa zao. Karafuu ya Pemba mkulima humuuzia ZSTC, shirika la serikali, na kuivusha kwa siri ni magendo yanayompeleka mtu mahakamani. Karafuu ya Kinole muuzie umpendaye. Kwa hiyo mtu wetu, aliyezoea kuuza zao lile lile bila kuulizwa na yeyote, anafika bandarini Malindi akiwa mgeni kabisa wa nidhamu. Karatasi zinamlea. Anaingia ofisini akiwa mbishi, anatoka akijua kusema "naomba kuelekezwa, afande".

Wala sijagusa ajira. Mlango wa kila ofisi ya aina hii una duka la fotokopi, na duka la fotokopi lina kijana, na kijana ana mama. Kuna wakili anayeishi kwa muhuri. Kuna anayeuza bahasha za kaki. Kuna mama lishe anayejua ratiba ya umeme wa ofisi kuliko ofisi yenyewe, kwa kuwa umeme ukikatika wali wake huisha saa sita. Ukifuta karatasi hizi leo, hawa wote utawapeleka wapi?

Sifa moja tu inanikwama kooni. Gari haliingii ferini mpaka namba zake zilingane na hati, na hilo ni jema. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, feri ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tume iliyochunguza ilikuta kwamba ilibeba watu zaidi ya 2,000, wakati uwezo wake ulikuwa wa watu mia sita na ushei. Hesabu ya kwanza ya waliokufa ilikuwa moja, ya tume ikawa nyingine, kubwa zaidi, kwa sababu hapakuwa na orodha ya abiria ya kuaminika. Haikupita hata mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama jirani na Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Binadamu hana namba ya chesisi. Lau angekuwa nayo, pengine usiku ule wa Nungwi kuna mtu pale gatini angechutama na kusema hapana, huyu hapandi, orodha imejaa. Kama karatasi zina kosa, ni hilo: zimelipenda gari kuliko abiria wake.

Turudi kwa pikapu. Maji ya Uluguru hushuka kwa Mto Ruvu, Dar es Salaam hunyweshwa sehemu yake, na yaliyosalia huingia Bahari ya Hindi upande wa Bagamoyo, Unguja ikiwa ng'ambo ya mkondo, bila wakala wala risiti. Ni maji. Wewe si maji, na mtu wa Kinole si maji. Kwa hiyo ukiambiwa kuna gari la Z la bei nzuri, usianze na kufungua boneti. Anza na kadi halisi: uliza jina lililo juu yake ni la nani, yuko hai, na simu yake inapatikana. Kisha uliza tofauti ya kodi ni shilingi ngapi na nani anailipa, na jibu liandikwe ndani ya mkataba. Toa fotokopi mbili za kila kitu kabla hujapanda boti. Bandarini mashine huwa na foleni.