Limekimbilia Wapi?

Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford, aliwahi kukaa miezi tisa na neno moja tu. Miezi tisa mtu anabeba mimba, anajifungua, na majirani wanakuja na kanga na sabuni. Yeye alikuwa na run. Habari zake zilipoenea mwaka 2011, tukaambiwa kitenzi hicho peke yake kina maana 645.

Kamusi ndogo niliyokuwa nayo shuleni, ile ya jalada la gundi, iliimaliza kazi hiyo kwa neno moja: kimbia. Zile 644 zilizobaki tuliachiwa tukutane nazo ukubwani.

Ofisini kwetu aliletwa kijana wa field, mpole, shikamoo haimpungui mdomoni. Bosi wetu ni mama aliyeishi Uingereza miaka mingi, na akiwa na haraka Kiswahili humkimbia. Asubuhi moja akampa kijana rasimu ya bajeti, akamwambia, "Run this by Accounts before lunch." Alitaka ipelekwe kwa wahasibu waipitie na waseme wanaionaje.

"Sawa, mama," kijana akajibu. Akafunga kifungo cha shati, akaikumbatia bajeti, akatoka nduki.

Korido yetu ni ndefu, na sakafu ndiyo kwanza ilikuwa imepigwa deki. Tulisikia viatu. Vikapita mlango wa uhasibu, vikafika mwisho kwenye ngazi, vikateleza kidogo, vikageuka, vikapita tena. Dada wa chai alijibanza ukutani na birika lake, akanusurika yeye na chai. Kijana akarudi kwa bosi anahema.

"Tayari, mama. Nimepita nayo mara mbili."

"Wamesemaje?"

"Wameuliza kama kuna moto."

Wenzangu walicheka wiki nzima. Mimi namtetea kijana yule hadi leo. Hebu pima agizo lenyewe: alikimbia, akiwa na karatasi aliyopewa, akapita kando ya uhasibu, kabla ya saa ya chakula. Kesi hii ingefika mahakamani, angeshinda na kulipwa gharama.

Mchokozi ni hicho kijineno by. Kiingereza kina tabia ya kukifungia kitenzi tela, na asiyelitazama tela hajui mzigo ni wa aina gani mpaka umpitie miguuni. Run out of ni kuishiwa. Run down ni kumponda mtu kwa maneno, ingawa kwa gari pia inawezekana. Run over ni kumkanyaga mtu barabarani, au kupitia haraka haraka ajenda za kikao. Run into ni kukutana na mtu bila kutarajia, au kumgonga. Dereva wa ofisi akikwambia kwa Kiingereza kwamba jana alifanya run into na kaka yako, kabla hujafurahi muulize kama alikuwa kwenye usukani.

Sisi mambo hayo tunayashonea ndani ya kitenzi chenyewe. Kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana. Ukiendelea kushona unampata hadi mkimbizi. Mgeni naye ana haki ya kulalamika kwamba silabi moja mwishoni mwa neno imegeuza aliyekuwa anakimbia akawa anakimbizwa. Lakini angalau yote yamo ndani ya neno moja.

Wenye lugha yao wenyewe wamelia kabla yetu. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755, alilalamika katika dibaji juu ya vitenzi vya namna hii, akavitaja kwa majina kama mwalimu wa zamu: come, get, put, take, na run yetu ikiwemo. Maana zake, alisema, zimelegea mno, hazishikiki. Na huyo hakuwahi kuona treni! Baadaye zikaja reli, mashine za viwandani, mwishowe kompyuta, na karibu kila kinachowashwa kikakabidhiwa run. Katika toleo la Oxford la mwaka 1989 kitenzi set ndicho kilichoongoza kwa wingi wa maana. Run ikaja kukipita, na hapo hata sihitaji kufanya utani.

Jirani yangu alinunua jenereta, akasoma kwenye kijitabu chake onyo la kutolifanyia run ndani ya nyumba. Akacheka: nani ana kifua cha kukimbia na chuma kile sebuleni? Ilibidi aelezwe upesi kwamba ni marufuku kuliwasha ndani, maana hewa yake ya sumu huua watu usingizini. Kuhusu kitenge kipya ambacho rangi yake ilifanya run ikahamia kwenye mashati meupe ya mume, nitanyamaza. Ndoa ile bado changa.

Siasa ndiyo kiboko. Mwingereza akiutaka ubunge, husimama. Mmarekani akiutaka, hukimbia. Sisi tunagombea, kitenzi kile kile cha siti ya daladala saa kumi na moja jioni, na kwa usahihi nadhani tumewapiku wote wawili.

Tena kuna run moja ambayo Afrika Mashariki tumeifanya mali yetu. Mama mhasibu aliamka vibaya, akamwandikia ujumbe mgeni wetu Mwingereza, msimamizi wa mradi, kwamba hatafika kazini kwa sababu ana running stomach. Mgeni akaja mezani kwangu na simu mkononi, uso umemshuka. Alitaka kujua tumbo la mama limekimbilia wapi.

Nikamweleza kwamba anaharisha tu, na kwamba hata kwa Kiswahili husemwa tumbo linamwendesha, au kwa kifupi, anaendesha. Hakuniamini. Yeye ana daftari la Kiswahili, na humo kuendesha ameliandika zamani: kuendesha gari, kuendesha kikao, kuendesha mradi. Ni neno analolipenda, kwa sababu ndilo kazi yake.

Jumatatu tukapata ugeni kutoka wizarani. Mwingereza akaomba ajitambulishe kwa Kiswahili. Akasimama, akakohoa kidogo, akasema kwa sauti ya kujiamini:

"Mimi nimekuja Tanzania kuendesha. Naendesha kila siku. Mwaka huu naendesha hapa Dar es Salaam, mwaka ujao nitaendesha mikoani pia."

Wageni wakatazamana. Mama mhasibu, ambaye sasa alikuwa amepona, akafungua mkoba wake taratibu, akamsogezea pakiti ya ORS.