Mpangaji wa Tano Ana Magurudumu Manne

Saa kumi usiku dirisha langu liligongwa, tena kwa kile kishindo cha mtu anayejua ana haki.

"Baba Neema! Baba Neema, njoo uchomoe gari lako. Uniti zimebaki sita!"

Alikuwa Mama Zuhura wa chumba cha pili, kajifunga khanga mbili, tochi ya simu mkononi, anaimulika mita utadhani kamkamata mwizi. Saa mbili usiku tulikuwa tumeingiza umeme wa elfu kumi, uniti 28. Friza yake ya barafu ilikuwa inanguruma, feni za nyumba nzima zinazunguka, na gari langu limetulia uani linanyonya kimya kimya. Nikatoka na bukta, nikachomoa waya. Mama Zuhura akalitazama gari, akanitazama mimi, akauliza kwa upole uliozidi matusi: "Huyu mpangaji wako analipa kodi?"

Naomba nieleze mwenyewe ilivyokuwa, maana hapa Tabata habari hii inasimuliwa kwa namna nyingine.

Nilikuwa na Corolla, umri wake tuuache kwa heshima ya marehemu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei za mafuta, nilikuwa nasikiliza kama mzazi anayesubiri matokeo ya mtoto ambaye hajawahi kumwona na daftari. Nikaamua nibadilishe gari. Sasa hapa Dar ukisema unabadilisha gari, watu wanaelewa unaweka gesi. Nikamwangalia jirani aliyeweka: mtungi umemeza buti lote, mabegi ya watoto yanasafiri mapajani, na mwenyewe anaamka alfajiri kwenda kupanga foleni ya kujaza kama wale wa ndoo bombani. Nikasema mimi naruka darasa hilo. Naweka umeme.

Sikuokota wazo hilo njiani. Arusha zipo Land Cruiser za watalii zilizong'olewa injini za dizeli zikafungwa mota, na Nairobi kampuni ya Opibus, ambayo siku hizi inaitwa Roam, ilianzia kwenye kazi hiyo hiyo. Na ukifikiri, gari la mbugani linafaa kabisa. Linatembea taratibu, linasimama kila penye twiga, halina ngurumo ya kumkimbiza swala, na jioni linarudi kambini kuchajiwa kwa umeme wa jua. Tembo naye hashiriki mita na mtu.

Nikampelekea fundi wangu wa gereji habari njema. Akafungua boneti ya Corolla, akaikodolea macho kwa muda kama daktari asiyetaka kuanza kusema.

"Kutoa injini ni kazi ya asubuhi moja," akasema. "Toa injini, toa tangi, toa rejeta, toa ekzosi. Tatizo, bosi, hiyo injini ilikuwa na vibarua vingi kuliko unavyojua."

Akavihesabu kwa vidole vya grisi. Breki: wepesi wa kanyagio unatokana na mvuto wa hewa wa injini, ukiiondoa unakanyaga jiwe mpaka ufunge pampu yake. Usukani wa pawa unazungushwa kwa mkanda wa injini, nao unataka pampu. AC hali kadhalika. Mota lazima ikae sawasawa na giaboksi, kwa hiyo kuna bamba la chuma la kuchongesha, likienda upande kidogo tu gari zima linatetemeka. Halafu betri zenyewe, mzigo wa watu wazima kadhaa ambao hawashuki kamwe: zinakaa wapi, na springi za nyuma zinasemaje? Alipofika kwenye bei nikamuuliza kama ametia na Corolla nyingine mbili humo ndani.

"Bosi," akasema, na nadhani alinionea huruma, "wenzio wanageuza Land Cruiser, gari lenye thamani. Wewe unataka kumtia meno ya dhahabu mbuzi wa kuchinjwa kesho."

Nikauza Corolla, nikachukua mkopo wa SACCOS ambao nyumbani ulijulikana kama mkopo wa kupaulia banda la Chanika, nikaagiza kigari cha umeme kilichotumika kutoka Japani.

Hapa naomba msomaji asogee karibu. Gari la mafuta lililotumika unaangalia kilomita. La umeme unaangalia vijiti. Kwenye dashibodi ya langu kuna safu ya vijiti vinavyoonyesha afya ya betri, na likiwa jipya vinakuwa 12. Langu lilishuka bandarini na tisa. Betri yake haipozwi kwa maji, inategemea upepo tu, na joto ndilo linalozeesha betri za namna hii. Sasa fikiria Februari ya Dar es Salaam, wakati hata upepo wenyewe unatafuta kivuli. Vijiti tisa maana yake ni kama kilomita 90 likiwa limejaa, dereva akiwa mpole na AC ikiwa imezimwa. Ukiiwasha tu, zile kilomita zinapungua mbele ya macho yako. Kwa hiyo kwenye foleni ya barabara ya Mandela utanikuta nimeshusha vioo vyote, navuta moshi wa malori ya watu, nikiwa ndani ya gari lisilotoa moshi.

Linaongea pia. Ukiwasha, mwanamke mwenye sauti ya adabu anakusalimia kwa Kijapani. Mwanangu Neema humwitikia marahaba.

Tuseme haki ya gari. Kulijaza toka chini kunakula uniti 20 hivi, yaani shilingi elfu saba na kidogo. Safari hizo hizo Corolla ilikuwa inataka lita nane za petroli, zaidi ya elfu ishirini. Halina oili ya kumwaga, halina plagi za kubadilisha, halina mkanda wa taimingi wa kukukatikia Chalinze. Naokoa hela na siwezi kubisha. Ila petroli nilikuwa nainunua mbali na nyumbani. Nikiweka ya elfu tano au ya elfu hamsini, tulijua mimi na yule kijana wa pampu. Umeme nanunua mbele ya familia nne.

Mita yetu ni moja. Kila familia inachanga elfu kumi kwa zamu, na humo humo, tangu 2021, kuna kodi ya jengo inayokatwa ukinunua umeme, jambo ambalo lina mgogoro wake na baba mwenye nyumba. Kwa miaka mshtakiwa wa kudumu alikuwa friza ya Mama Zuhura. Zikiisha uniti, friza. Mita ikilia, friza. Kwa hiyo kikao cha wapangaji kilipoitishwa Jumapili chini ya mwembe, Mama Zuhura alizungumza kwa furaha ya mtu aliyeachiwa huru baada ya rufaa. Baba Shani wa chumba cha nne, ambaye alikuwa anadaiwa michango miwili, ndiye aliyeongea kwa uchungu kuliko wote.

Nikasimama kujitetea, nikaanza kwa sayansi. Nikawaambia soketi ya kawaida nimeiwekea kikomo cha ampea kumi, na kwa mwendo huo gari linachukua saa tisa kujaa. Nikaona nyuso hazielewi, nikatafuta mfano. Huo mfano ndio ulioniua.

"Ni sawa na kuwasha pasi mbili usiku kucha."

Kimya. Mzee Kombo, mwenyekiti wetu, akavua miwani.

"Pasi mbili," akarudia polepole. "Usiku kucha. Na nguo hakuna."

Ikaandikwa kwenye daftari la kikao hivyo hivyo.

Na kweli pasi mbili si mchezo. Wiki ya pili ekstensheni niliyonunua Kariakoo kwa kuwa ilikuwa na rangi nzuri iliyeyuka, na soketi ya ukutani ikatoka alama nyeusi. Nikamwita fundi umeme, akanivutia waya mnene wa peke yake toka kwenye meni swichi, na breka yake, na ethi iliyozikwa ardhini kama inavyotakiwa. Kama utanunua gari la namna hii, anza na huo waya, gari lifuate. Wajapani wana plagi yao ya kuchaji haraka inaitwa CHAdeMO, jina linalochezea maneno yao ya kumkaribisha mtu chai, kwamba unakunywa kikombe gari linapata nguvu. Mimi kwa muda wangu unaweza kuchemsha makongoro mpaka yaive, ukala, ukalala, ukaamshwa na Mama Zuhura.

Mzee Kombo aliwahi kuendesha Land Rover za serikali, zile za kuwashwa kwa hendeli, na magari ya kisasa hayaamini. Jioni moja nikamwambia hili si jambo la kisasa. Mwaka 1899 Mbelgiji mmoja, Camille Jenatzy, alikuwa mtu wa kwanza kupita kilomita 100 kwa saa akiwa ndani ya gari, na gari lenyewe lilikuwa la umeme.

"Ikawaje sasa?" akauliza. "Mbona miaka yote tumetia mafuta?"

Nikamwambia mambo yalikuwa mengi, ila mojawapo ni hendeli. Ile kazi ya kuzungusha chuma ilikuwa inavunja watu mikono, na wenye magari ya umeme wakijivunia kwamba wao wanawasha kwa swichi. Mwaka 1912 Cadillac wakaweka stata ya umeme, hendeli ikaanza kustaafu, na gari la petroli likachukua barabara. Mzee akacheka mpaka akakohoa: kumbe umeme ndio ulioliangusha gari la umeme!

Siku tatu baadaye gari likagoma kuwaka. Betri kubwa imejaa, nilichaji usiku kucha kwa aibu yangu mwenyewe. Kumbe ndani kuna na betri ndogo ya volti 12, sawa na ya Corolla, inayoamsha kompyuta zake, na ndogo ikifa kubwa hailiki. Nikakaa uani nasubiri bodaboda aniletee betri ya kubusti. Mzee Kombo akapita na birika lake la udhu. "Hendeli," akasema, "ungekuwa nayo."

Yote hayo nimeyavumilia. La Bagamoyo ndilo linaloniuma.

Kutoka kwetu ni kilomita zipatazo 65. Kwenda nafika. Kurudi siku hiyo hiyo sifiki. Tulikwenda kuwasalimia wakwe, na nilipoingia nikatoa shikamoo, nikakaribishwa maji, na kabla sijakaa nikajisikia mwenyewe nauliza soketi iko wapi. Mke wangu akafumba macho. Baba mkwe ni mtu wa subira, akanionyesha moja nyuma ya kabati la vyombo. Yeye yumo kwenye lile daraja la watumiaji wadogo, uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi mia mia, na ukizidisha unaanza kulipishwa 350. Taa mbili, redio na feni. Kwa mwezi hamalizi hamsini. Gari langu lilikula uniti 18 kwa usiku mmoja.

Asubuhi nilimkuta kasimama mbele ya mita, mikono nyuma. Akaniitikia salamu, akaniulizia usingizi, akauliza na hali ya kazi. Halafu, bila kugeuka:

"Hivi mwanangu, ile mahari ulimaliza yote?"

Tuliporudi nikanunua mita ndogo ya kupimia, fundi akaifunga kwenye waya wa gari. Sasa kila mwisho wa mwezi Mzee Kombo anavaa miwani, anaisoma, anaandika kwenye daftari chini ya majina ya wapangaji, mstari wa tano: Gari. Mwezi uliopita Gari lilitumia uniti 126, likachanga 45,000, na likalipa kabla ya tarehe tano. Baba Shani bado anadaiwa elfu ishirini.