Barua ya Wazi kwa Msajili wa Vyama: Pongezi kwa Majalada Safi

Mheshimiwa Msajili,
Nairobi.

Wakenya wanaofuatilia kazi ya ofisi yako wana kila sababu ya kuipongeza. Chini ya Sheria ya Vyama, Sura ya 108, kanisa na chama cha wanakijiji cha kuzikana huingia kwa mlango mmoja: watu 10, katiba, majina ya viongozi, sanduku la posta. Mungu hatakiwi kutia sahihi popote. Kinyozi wa Kayole hawashi mashine kabla ya kulipia kibali cha kaunti, lakini anayetangaza kuponya saratani hahitaji kumwonyesha mtu yeyote mgonjwa aliyepona.

Jalada la ofisi yako halikuharibika hata Novemba 2014, runinga ya KTN ilipoanika mbinu za Nabii Victor Kanyari. Waumini walioshwa miguu, maji yakageuka mekundu, watu wakaamini ni maradhi yanayotoka mwilini. Kumbe ni pamanganeti ya potasiamu. Sadaka, yaani "mbegu" ya kupanda, ilikuwa shilingi 310, kwa M-Pesa. Taifa lilikasirika kwa wiki kadhaa, kisha likaigeuza 310 kuwa utani wa vijiweni, na madhabahu ikaendelea na ratiba yake.

Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Githu Muigai, alijaribu kuleta kanuni mpya: mhubiri awe na cheti cha theolojia, apate cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na aonyeshe hesabu za fedha. Hapo ndipo muujiza wa kweli ulipotokea. Maaskofu Wakatoliki, wachungaji wa kiinjili na viongozi wa Kiislamu, watu wasiokubaliana hata kuhusu siku ya kupumzika, walisimama bega kwa bega kuzikataa kanuni hizo. Kila mmoja alishika Kifungu cha 32 cha Katiba, cha uhuru wa kuabudu. Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza mashauriano yaanze upya.

Kuwatendea haki, hofu yao kwamba serikali ingeingilia mimbari haikuwa ya kubuni. Enzi ya chama kimoja, mimbari ilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambako serikali ilikosolewa hadharani. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alionywa na waziri kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke akiwa hai. Alikwenda, akafa katika ajali ya barabarani akirudi, Agosti 1990. Serikali ya aina ile ingefurahi sana kupewa kipimo cha kukagua mahubiri, na isingeanza na wauza mbegu.

Tena ofisi yako ina jicho kali inapotaka. Mwezi uleule wa Januari 2016 ilikataa kusajili chama cha Wakenya wasioamini Mungu, kwa hoja kwamba amani na utulivu wa nchi vingeathirika. Mwezi uliofuata ikakisajili, na Aprili usajili huo ukasimamishwa. Watu ambao Jumapili hukaa nyumbani, hawamtozi mtu sadaka wala hawamkatazi dawa, walionekana kuwa tisho kwa taifa.

Wakati huohuo, Malindi, Paul Mackenzie alikuwa na kanisa, vipindi vya runinga na wafuasi. Mwaka 2017 alishtakiwa kuhusiana na mafundisho ya kuwazuia watoto kwenda shule. Mwaka 2019 akafunga kanisa na kuhamia msitu wa Shakahola. Machi 2023 alikamatwa kuhusu vifo vya watoto, akaachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Mwezi uliofuata makaburi yakaanza kufukuliwa, na miili ikapita 400, mingi ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Mackenzie alikana mashtaka.

Ofisi yako haikulala. Mwaka huo wa 2023, miili zaidi ya 200 ikiwa imeshatolewa ardhini, ilifuta usajili wa kanisa la Mackenzie pamoja na makanisa mengine manne. Mojawapo liliitwa Helicopter of Christ, nalo, kwa kadiri umma ujuavyo, lilisajiliwa bila Mamlaka ya Usafiri wa Anga kuulizwa neno. Kikaundwa kikosi kazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, na Julai 2024 kikamkabidhi Rais William Ruto ripoti. Rais huyohuyo, Machi 2025, aliahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa moja la Roysambu. Vijana walipoandamana Jumapili iliyofuata, polisi walifika wengi kuliko waliowahi kuonekana Shakahola kabla ya makaburi.

Kwa hiyo wananchi wana ombi dogo la kiofisi. Mtu akiona jirani yake ameuza mbuzi, amewatoa watoto shuleni na kuelekea msituni na Biblia bila chakula, aje dirisha gani? Na kama lipo, hufunguliwa saa ngapi, na je, naye aje na watu 10, katiba na sanduku la posta?