Goli Lililopitia Ujerumani

Goli lilinifikia kwa hewa. Tunakaa Temeke, kilomita chache kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa, na sauti hukata kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, kwa hiyo mngurumo ulipoingia dirishani habari ilikuwa bado ya moto. Jirani akapokea, muuza chipsi akapokea, mtaa mzima ukapokea. Kwenye runinga yetu mpira ulikuwa katikati ya uwanja, na kiduara kinazunguka. Mama mkwe, aliyetoka Morogoro na kuketishwa kiti cha mbele kwa heshima zote, aliniangalia, akakiangalia kile kisanduku chenye antena mbili nilichokuwa nakisifia tangu asubuhi, akasema kwa upole, "Baba, si tungesikiliza redioni tu?"

Shemeji hakuwa na upole. Alitoa simu, akanunua bando la elfu moja, na familia yangu yote ikahamia kwenye kioo cha simu yake. Nikabaki na runinga ya inchi 43 na kiduara.

Mechi ilichezwa Temeke, ikatazamwa Temeke, lakini njiani ilipitia Ujerumani. Kila kitu kinachoingia na kutoka nyumbani kwetu siku hizi hupita kwenye handaki la VPN hadi kwenye seva ninayoikodi huko. Kwa nini nakodi seva Ujerumani, nitaeleza, na nitaeleza kwa hasira. Lakini Ujerumani yenyewe haina hatia. Tangu waya wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na wa EASSy mwaka uliofuata, safari ya kwenda Ulaya na kurudi kupitia chini ya bahari haimalizi hata nusu sekunde. Kilichochelewesha goli kilikuwa juu ya meza ya runinga, kinawakawaka taa.

Kisanduku hicho ni ruta. Nilikinunua Kariakoo, mtumba, kwa elfu thelathini na tano. "Kaka, hii ngoma ina antena mbili," aliniambia kijana wa dukani, "VPN ipo humohumo ndani." Kuwepo ilikuwepo. Hata mimi ningeweza kuwepo ndani ya timu ya taifa, mradi nisiguse mpira. Prosesa yake ilikuwa ya megahezi 580, na hapo ndipo stori inaponoga, kwa sababu kazi aliyopewa maskini yule si ya kawaida.

Sikiliza. VPN yangu ilikuwa inasimba data kwa AES, mtindo uliobuniwa na Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen, kisha Marekani ikaufanya kiwango rasmi mwaka 2001. Data hukatwa vipande vya baiti 16, kila kipande kikapangwa kwenye jedwali la nne kwa nne. Kila baiti inabadilishwa na nyingine. Safu zinasogezwa. Nguzo zinachanganywa. Sehemu ya ufunguo inatiwa juu yake. Huo ni mzunguko mmoja. Kwa ufunguo wa biti 256 mizunguko ni 14, na ule wa mwisho tu ndio umesamehewa kuchanganya nguzo, sijui kwa nini nafurahi kila nikikumbuka hilo. Sasa piga hesabu: mtandao wangu ni wa megabiti 40 kwa sekunde, yaani vipande 312,500 kila sekunde, yaani mizunguko 4,375,000 kila sekunde, ili wanangu waone katuni. Na hapo bado kila pakiti inahitaji kutiwa muhuri wa kuthibitisha kwamba hakuna aliyeichezea njiani.

Kama hiyo haitoshi, programu niliyotumia, OpenVPN, kwa kawaida hufanya kazi nje ya kiini cha mfumo. Pakiti ikiingia haisimbwi pale pale. Inatolewa nje kwenye programu, inasimbwa, inarudishwa ndani ndipo iruhusiwe kuondoka, kama mtu anayetaka barua ya utambulisho: mjumbe amtume kwa mwenyekiti, mwenyekiti amrudishe kwa mjumbe, na foleni nyuma yake inarefuka. Kisanduku changu kilifikisha megabiti 9. Kati ya hizo, simu tatu za watoto zilikuwa zinashusha michezo.

Dawa ipo, na iligunduliwa zamani. Mwaka 2010 Intel walianza kuuza prosesa zenye amri sita zilizochongwa kwenye silikoni kwa ajili ya AES tu, zinaitwa AES-NI. Amri moja inamaliza mzunguko mzima: baiti, safu, nguzo, ufunguo, kwisha. Nikiwaza hilo usiku hucheka peke yangu, na mke wangu hugeukia ukutani. Watu wa pfSense, programu maarufu ya faiwoli, mwaka 2017 walitangaza kwamba toleo la 2.5 lingekataa prosesa isiyo na AES-NI. Baadaye wakaghairi, lakini kughairi hakutembei haraka kama tangazo, na mpaka leo ukiulizia faiwoli Kariakoo utampata fundi atakayekuapia kwamba bila AES-NI haiwaki. Njia ya pili ni WireGuard, programu nyingine ya VPN, iliyoingizwa kwenye Linux mwezi Machi 2020. Yenyewe inatumia ChaCha20, ambayo ni kujumlisha, kuzungusha biti na kuzilinganisha, basi. Prosesa dhaifu isiyo na silikoni ya AES huipenda sana. Angeniambia nani?

Nikaanza kutafuta mbadala wa kile kisanduku. Ile kompyuta ndogo, Raspberry Pi 4, nayo haina amri za AES. Zimeletwa kwenye Pi 5.

Kompyuta ya mezani yenye Core 2 Duo nayo haina, lakini ina nguvu za kutosha kusimba kwa mabavu, na ilisimba, huku ikila wati 70 usiku na mchana, yaani uniti 50 za LUKU kwa mwezi. Mwenye tarifa ya uniti 75 anabakiwa na 25 za kupikia, kupigia pasi na kuwasha friji. Ilirudi Kariakoo.

Sasa nina kisanduku cha Intel N100, wati sita za prosesa, matundu manne ya waya, hakina feni. Kinafanya kazi.

Turudi Ujerumani. Nilichotaka mwanzoni kilikuwa kidogo: nikiwa safarini Dodoma niingie nyumbani kwangu kwa VPN, nione kamera ya geti. Kwa hilo nyumba inahitaji anwani ya umma ya IP. Mtoa huduma wangu hajanipa. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima na zimegawanywa zikaisha, kwa hiyo kampuni huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mwaka 2012 lilitengwa fungu maalumu kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64 hadi 100.127. Ukiwa humo unatoka nje upendavyo, ila hakuna wa nje anayeweza kukubishia hodi, hata wewe mwenyewe. Sina ugomvi na uhaba. Nina ugomvi na simu niliyopiga: "Hiyo ni ya wateja wa biashara," akasema dada wa huduma, na kifurushi cha biashara ni mara kadhaa ya ninacholipa. Hawakuandika hivyo kwenye bango lenye familia inayocheka. Ndiyo maana nikakodi seva Ujerumani yenye anwani yake ya umma, na nyumba ikawa inatoka kuifuata huko. Na tangazo la mamlaka ya mawasiliano, TCRA, la Oktoba 2023 liliwataka wanaotumia VPN wajisajili na kutoa taarifa, ikiwemo anwani ya IP. Nilikuwa tayari kutii. Anwani ipi? Ninayotoka nayo natumia na watu nisiowajua, na yangu peke yangu ipo Ujerumani, nailipia kwa dola kila mwezi.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujaulizia prosesa, antena wala matundu, fungua ukurasa wa mipangilio wa ruta uliyopewa bure, utafute anwani ya WAN. Ikiwa imeanzia 100.64 hadi 100.127, au 10, pesa ziache mfukoni, umpigie mtoa huduma na kumuuliza anwani ya umma ni shilingi ngapi. Mwambie akutumie jibu kwa maandishi.