Shofo Mpya Ukutani: Namna ya Kuoga Maji Moto Bila Kufika Tribinali

Bujumbura ni mji wa joto. Uko kando ya Ziwa Tanganyika, mita zisizofika 800 juu ya usawa wa bahari, na mgeni akikukuta dukani unanunua mtambo wa kuchemshia maji anaweza kudhani jua limekupanda kichwani. Mgeni huyo hajaoga saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, hajaogesha mtoto wa siku tatu, wala hana mama mwenye magoti kama ya mama yangu. Ndiyo maana nyumba nyingi za Rohero, Kinindo na Mutanga, na siku hizi hata kwetu Buyenzi, zina lile pipa jeupe juu ya ukuta wa bafu. Ulaya kwenye baridi wana boila ya kupasha nyumba nzima. Sisi tuna shofo ya maji ya kuoga. Ugomvi wake ni ule ule: nani amelipwa nini, karatasi iko wapi, na ikiharibika nani atarudi.

Shofo ya kwanza ya mama ilioza tangi. Tukanunua nyingine ya lita 80 katika duka moja la mjini, fundi wa duka akaja kuifunga, tukalipa yote siku hiyo hiyo na kumpa soda. Mwezi wa tano rezistansi, ile koili inayochemsha maji, ikaungua. Nilipokwenda dukani mara ya kwanza niliambiwa nilete kadi ya garanti. Nikaileta. Haikuwa na tarehe, haikuwa na muhuri, na mahali pa namba ya mashine palikuwa peupe kama shuka la hospitali. Mara ya pili nikaambiwa fundi ndiye aliyeifunga vibaya. Mara ya tatu kosa likawa la koranti ya Regideso, kampuni ya umeme. Fundi naye, nilipompata, aliniambia duka ndilo lililompa mashine mbovu, na kwamba akija kuitazama nitamlipa nauli na kazi. Mama akarudia sufuria juu ya jiko la makaa. Mwongozo huu unatoka kwenye sufuria ile.

Anza na swali moja utakaloulizwa dukani kwa sauti ya chini, muuzaji akiwa ameinama kidogo kana kwamba anakupa siri ya ukoo: "Unataka na fakitire au bila fakitire?" Hapo ndipo garanti yako inapozaliwa au kufa. TVA, kodi ya ongezeko la thamani, Burundi ni asilimia 18. Shofo ya faranga milioni moja, ikiandikiwa fakitire, inafika milioni moja, laki moja na elfu themanini. Bila fakitire unaokoa hizo laki moja na elfu themanini, unatabasamu, unampa muuzaji mkono. Ukitoka pale mlangoni, huna ushahidi wowote kwamba umenunua kitu. Umepita tu barabarani ukaonekana umebeba pipa. Siku ya ugomvi muuzaji hatahitaji hata kudanganya, atakuuliza tu kwa upole, "Mama, ulinunua kwetu?" Na wewe utabaki unamwelezea rangi ya shati alilovaa siku ile.

Kwa hiyo jibu ni "na fakitire," tena kwa sauti ya kusikika. Fakitire iwe ile inayotambuliwa na OBR, mamlaka ya mapato, yenye jina la duka na NIF yake, yaani namba ya mlipa kodi, jina lako, aina ya mashine, ujazo wake na namba yake. Kama imeandikwa "shofo 1" peke yake, irudishe. Shofo moja ni ipi kati ya mia zilizo stoo? Ukilipa kwa simu, kwa Lumicash au Ecocash, tazama jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Likiwa la shemeji wa muuzaji, shemeji ndiye uliyemlipa. Omba namba ya duka. Wakisema hawana, lipa taslimu na uandikiwe risiti papo hapo. Ujumbe wa malipo usiufute hata simu ikijaa. Futa picha za harusi za watu kwanza.

Jifunze pia lugha ya dukani, maana ni tamu na imemliza mtu mzima. "Garanti ipo" maana yake kuna kadi ndani ya boksi, haijajazwa. "Usijali, sisi ni watu wa hapa hapa" maana yake hakuna anuani. "Tutamtuma fundi" haina siku. "Mzee, sisi tunajuana" ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kwetu mtu anayejuana na mwenzake huona haya kumwomba aandike. Haya hiyo imekula pesa nyingi kuliko wezi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema hivyo wakijua fika kwamba wanaojuana ndio wanaodaiana.

Kwa sisi wa Buyenzi, ambako adhana inasikika kila baada ya mitaa miwili mitatu, haya hiyo haina pa kujificha. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Suratul Baqara, haizungumzii vita wala mirathi. Inazungumzia kuandika deni: awepo mwandishi mwadilifu, wawepo mashahidi, na watu wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Biashara ya papo kwa papo imesamehewa kuandikwa. Lakini garanti haimaliziki papo kwa papo. Garanti ni deni. Muuzaji amechukua pesa zako leo na amebaki anadaiwa miaka miwili ya maji moto. Ukiliona hivyo hutaona tena kwamba unamshuku mtu kwa kumwomba aandike, utaona unamwandikia deni lake kama unavyoandika la muuza mchele.

Sasa kuhusu avansi, yaani pesa ya kutanguliza. Shofo nyingi zinatoka nje, nyingine zinapita bandari ya Dar es Salaam, na anayeziagiza anazinunua kwa dola. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha sana thamani rasmi ya faranga mbele ya dola, na kila aliyekuwa ameacha avansi mahali alijifunza maana ya neno "bei ya jana". Usiache avansi kwa proforma isiyosema bei inashikilia mpaka tarehe ipi. Iandikwe pia: mzigo usipofika siku hiyo, avansi inarudi yote, kwa faranga, ndani ya siku kadhaa mlizokubaliana. Muuzaji akikataa kuandika kurudisha, ameshakueleza atakachofanya. Mshukuru kwa ukweli wake na uondoke.

Kadi ya garanti isome ukiwa bado dukani, ukiwa umekaa. Ni ndefu, ina Kifaransa cha maandishi madogo, na muuzaji atakutazama kama mtu anayesoma gazeti kwenye mazishi. Soma tu. Utakuta mara nyingi garanti si moja, ni mbili: tangi lina miaka yake, mitano kwa mfano, na vitu vya umeme, yaani rezistansi na tamostati, vina yao, miwili au mmoja. Muuzaji anatangaza ile ndefu. Kinachoungua ni kile chenye ile fupi. Halafu utakuta orodha ya mambo yanayoua garanti, na ukiisoma ukiwa Bujumbura utadhani mwandishi aliishi Bwiza: umeme ukipanda ghafla, mashine ikiwashwa bila maji ndani, chokaa ikijaa, valvu ya usalama ikikosekana, waya wa ardhi usipofungwa, anodi isipobadilishwa.

Yapime moja moja kwa nyumba yako. Umeme wetu unakatika, na unaporudi hurudi na nguvu. Maji nayo yanakatika, na kampuni ya maji na ya umeme ni hiyo hiyo moja, Regideso. Bomba likikauka na tangi likamwagika, rezistansi iliyozoea kulala ndani ya maji inabaki hewani, na koranti ikirudi inaungua kwa dakika chache. Ndivyo ya mama ilivyokufa, kwa maelezo ya fundi mwingine aliyeifungua baadaye. Kama kadi inakataa mambo haya mawili, basi inakataa Bujumbura yote, na inafaa umuulize muuzaji anauza garanti ya mji gani. Majibu ya kweli yapo. Funga disjonkta ya shofo peke yake, uizime koranti ikikatika na uiwashe baada ya kuhakikisha bomba la maji moto linatoa maji. Usiiache ikiwaka mchana kutwa: ya lita 80 yenye wati 1,500 inahitaji kama saa mbili na robo kuyafikisha maji ya digrii 24 kwenye 60. Valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, ile iliyo ndani ya kifaa cha usalama chini ya tangi, ndiyo inayozuia tangi kumwagikia bombani. Fundi akikwambia "hii si lazima, ngoja tukuokolee pesa," mshike mkono kabla hajafunga. Kifaa hicho pia ndicho kinachoachia shinikizo, na tangi lililozibwa bila pa kupumulia ni bomu juu ya kichwa cha mtu aliye uchi.

Anodi ni fimbo ya magnesi iliyo ndani ya tangi. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya chuma. Ikiisha, kutu inaanza kula tangi lenyewe, na miaka mitano ya garanti inageuka hadithi. Ulizia bei yake siku ya kununua, na uliza kama ipo stoo. Ikiwezekana nunua ya akiba.

Linafuata shimo ambalo karibu kila ugomvi unatumbukia: pengo kati ya duka na fundi. Duka linadhamini mashine, fundi anadhamini mkono wake, na katikati hakuna mtu. Andikeni karatasi moja ya watu watatu, wewe, duka na fundi. Iseme nani amefunga, siku gani, kwa vifaa vipi, na ikiharibika ndani ya garanti nani analipa kuishusha, kuipeleka na kuirudisha. Nimeona mtu akipewa rezistansi ya bure na kudaiwa kazi inayozidi bei ya rezistansi. Na shofo kuukuu ni ya nani? Fundi atakusaidia kuibeba kwa moyo mweupe sana, maana chuma na shaba vina soko. Kama mmekubaliana ni sehemu ya malipo yake, sawa, iandikwe. Kama sivyo, ibaki uani.

Na baki ya pesa, shikilia. Hili ndilo ningelishikilia hata kama ningelazimika kusahau mengine yote. Lipa mashine ikifika na fakitire, lakini malipo ya kufunga acha theluthi mkononi mpaka maji yatoke moto mbele yako, usiku upite, uone hakuna tone chini ya tangi, na kadi iwe imejazwa na kugongwa muhuri. Fundi mwenye haki hatakasirika, kwa kuwa umemwambia tangu mwanzo. Mweleze kabla, usimshtukize jioni akiwa anakunja nyaya. Na siku ya kumlipa, mlipe bila kumzungusha: mwenye nyumba anayemnyima fundi pesa yake halali kwa kisingizio cha garanti ni mwizi kama yule muuzaji wa karatasi tupu, na wapo wengi katika nyumba nzuri nzuri.

Yakitokea ya kutokea, wahi. Sheria ya mikataba tuliyoirithi enzi za Wabelgiji ina mizizi katika dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 ya Kongo ya Leopold, na inamfanya muuzaji awajibike kwa kasoro iliyofichika, hata pasipo kadi, ila mnunuzi alalamike bila kuchelewa. Andika barua, ipeleke dukani na nakala, nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua moja yenye muhuri ina uzito kuliko safari zangu tatu. Kisha ABUCO, chama cha watumiaji wa bidhaa, na mwisho tribinali. Kabla ya tribinali, kaeni na wazee. Bashingantahe, wazee waamuzi wa kimila, walikuwa mashahidi wa mauziano na wapatanishi wa nchi hii karne nyingi kabla ya kadi za garanti, na mfanyabiashara asiyeogopa hakimu huwa bado anaogopa kutajwa vibaya mbele ya watu wazima wa mtaa wake. Mimi ndivyo nilivyopata nusu ya pesa ya mama. Nusu nyingine ilizama kwenye kadi tupu.

Kama una shofo ukutani sasa hivi, usingoje iungue. Chukua tochi, tazama kibandiko kilichobandikwa chini au ubavuni mwa tangi, unakili nyuma ya fakitire namba yake na tarehe ilipofungwa, na upige picha. Mvuke wa bafu hufuta wino wa kibandiko hicho. Fanya leo, kabla ya kuoga.