Masharti ya Kuingia Steji ya Majini kwa Mtu wa Singida

Sharti la kwanza: usiingie majini ukiwa umebakiwa na dakika tano. Kwenye kibanda cha gemu unalipia muda, na hakuna kinachokula muda kama maji. Nchi kavu mtu wako alikuwa anapaa. Humu anajikokota kama aliyebebeshwa gunia la alizeti. Lipia tena kabisa, kisha ndiyo uzame.

Sharti la pili: watakaokuwa nyuma yako wakisema umefeli kwa sababu Singida hakuna bahari, wakatalie. Ni kweli, Kindai na Singidani ni maziwa ya maji ya chumvi, na wengi wetu tumezoea kuyatazama tukiwa juu ya mawe kuliko kuyaogelea. Lakini mlete hapa kijana wa Forodhani, Zanzibar, anayejirusha baharini kila jioni, umpe pedi. Atazama vilevile. Maji ya kweli humwinua anayejua kuogelea. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, ukiacha tu kubonyeza, unashuka chini, na kwenye mashimo mkondo unakuvuta. Kumkanyaga adui, silaha uliyofundishwa tangu mwanzo, hakufanyi kazi tena. Vidole vyako vimesomeshwa somo moja, halafu mtihani umetungwa wa somo jingine. Kosa ni la mtunzi wa mtihani, na mimi nitalisema hilo kwenye kibanda chochote.

Kwa Sonic, gemu ya 1991, ukifika Labyrinth Zone, sahau mbio. Najua inauma, maana mbio ndiyo sababu ya kumpenda. Una sekunde 30 za pumzi, na zikikaribia kwisha muziki unabadilika na mapigo ya moyo wako yanabadilika nao. Tafuta mahali panapotoka mapovu, simama hapo, usubiri povu kubwa. Madogo hayasaidii. Mwenzako akikupigia kelele uondoke, mwache apige kelele, yeye anapumua.

Kwenye gemu za pande tatu shida huongezeka, kwa sababu sasa kuna juu, chini na nyuma, na kamera haijui ukuta ulipo. Katika Ocarina of Time ya 1998, hekalu la maji linakutaka upandishe na kushusha kina, uvae viatu vya chuma ili uzame, uvivue ili uelee, na kila mara usimamishe gemu ufungue orodha. Waliochoka hawakuchoshwa na kufikiri. Walichoshwa na kuvaa na kuvua viatu. Eiji Aonuma, aliyesimamia mahekalu ya gemu hiyo, alizisikia lawama, na katika toleo la 2011 viatu vikawa vya kubonyeza mara moja tu. Mtengenezaji anayerudi kurekebisha namna hiyo namheshimu sana.

Sasa tuje kwenye GTA, maana huko ndiko vijana wengi walikolilia. Vice City ya 2002 ina sharti fupi: usiguse maji kabisa, ukitumbukia umekufa. San Andreas ya 2004 ikampa mhusika wake, CJ, uwezo wa kuogelea, kisha ikaja misheni ya Amphibious Assault inayokukatalia kuanza kama mapafu hayajakomaa. Usirushe pedi. Nenda baharini, piga mbizi, ibuka pumzi ikikaribia kwisha, rudia mpaka kipimo kipande. Hili mimi nalitetea: gemu imekuambia unachopungukiwa na imekupa bahari nzima ya kufanyia mazoezi.

Anayedhani maji yenyewe ndiyo mabaya acheze Donkey Kong Country ya 1994. Hakuna kuhesabiwa pumzi, muziki wa David Wise umetulia, na kuna samaki mwenye pua ndefu wa kupanda ambaye huwachoma maadui. Mtu anatamani steji isiishe.

Na kama wewe ni kijana wa Singida unayejifunza kutengeneza gemu, sharti lako ni hili. Dimbwi la kwanza lisiwe na adui hata mmoja. Mwache mchezaji azunguke, azame, aibuke, agonge mwamba bila kudhurika. Kipimo cha pumzi kiweke pale macho yake yalipo. Papa mlete dimbwi la pili.